Ngoma Moja, Ukuta Katikati

Marehemu bibi yangu aliimba kwanza sebuleni, kisha, pumzi moja baadaye, akaimba tena gerejini. Sauti ileile, wimbo uleule wa kanisani, ila nyumba ilikuwa imepata kigugumizi. Nilisimama kwenye majani ya uani, rimoti mkononi, nikisikiliza mabibi wawili wakifukuzana.

"Semisi!" Shangazi Seini aliita dirishani. "Mama yangu alikuwa mtu mmoja. Umemzidisha kwa idhini ya nani?"

Kwetu huku ughaibuni, Mount Druitt, kama kwetu visiwani Tonga, kaka na dada hawaketi chumba kimoja kutazama runinga. Ni heshima. Filamu haina adabu. Hujui saa ngapi watu watabusiana, na dada yako yuko pale, na wewe uko pale, na sakafu imekataa kukumeza. Kwa hiyo wanaume tuna gereji, wanawake wana sebule, na kati yetu pana ukuta. Baba na Shangazi wamezeeka hivyo. Hata taarifa ya habari hawajawahi kuitazama pamoja. Baba akisikia mlango wa gari la dada yake, huzima runinga na kutafuta shati, kwa sababu kwa desturi shangazi ndiye mkubwa kwetu. Baba ni mwenye nyumba mbele ya majirani tu.

Maktaba ya video ilikuwa kazi yangu. Nilikusanya kanda zote za ukoo, harusi na misiba na watoto wakisahau mistari kanisani, nikazihamishia kwenye kisanduku cheusi kinachonguruma chini ya meza ya vifaa vya Baba. Runinga ya sebuleni, ya gerejini, simu zetu, zote zikawa zinachota kisima kimoja. Ukiacha video katikati huku, mwenzako anaiendeleza kule. Nilitembea kifua mbele kama mtu aliyevumbua umeme.

Kumbe nimevumbua balaa. Wiki ileile, sisi wavulana tuliacha filamu gerejini mahali palipochemka, tukaenda kula. Shangazi akawasha runinga ya sebuleni amwonyeshe mchungaji harusi yake. Runinga, kwa utiifu wote, ikaendelea pale tulipoishia. Mimi nilikuwa ndiyo naingia na sinia la viazi vikuu. Dada yangu Lupe alikuwa anamimina chai. Tulitoka kwa milango miwili tofauti kabla ile midomo haijaachana. Mchungaji, wanasema, alimaliza kikombe chake akichunguza dari.

"Mashine yako ina akili," Shangazi aliniambia baadaye, "lakini haina dada."

Nikatenganisha: filamu zetu zikapata kabati lake, kanda za ukoo zikabaki kabati la wote. Kicheko kingeishia hapo, kama daktari asingemwambia Shangazi kwamba moyo wake umechoka. Akaamua kurudi Tonga, aishi karibu na kaburi la mama yake. Hakulia. Alitoa agizo moja tu.

"Jumapili, kabla sijaondoka, nataka kumwona Mama akiimba. Na kaka yangu amwone, wakati uleule. Kuketi naye siwezi. Lakini siwezi kucheka leo yeye acheke kesho."

Nilipompelekea Baba ujumbe, alizima runinga. "Itawezekana?" akaniuliza. Baba huwa haniombi ushauri. Hunituma. Siku hiyo aliniuliza, nikasema nitajaribu.

Ndiyo maana nilikuwa pale uani siku ya Jumamosi. Sebule ilipata mtandao kwa waya. Gereji iliupata kwa hewa, kupitia matofali, halafu sauti ikapita kwenye spika kuukuu za Baba, ambazo hufikiri kabla ya kusema. Nilizima, nikawasha, nikabembeleza. Bibi wa sebuleni alishafika ubeti wa pili. Wa gerejini ndiyo kwanza anakohoa.

Niliporudi gerejini, Lupe ndiye aliyenitoa matopeni. Kabla ya wimbo, katika kanda ile, inasikika ngoma ya gogo ikiita watu kanisani. "Kaka," alisema kutoka upande wa pili wa ukuta, "ngoma ikilia huku, naugonga ukuta. Wewe hangaika mpaka kofi langu na ngoma yako viwe kitu kimoja."

"Na nikishindwa?"

"Tutamwambia Shangazi walikubadilisha hospitalini ulipozaliwa."

Nilianza kuichelewesha sebule, maana aliye nyuma humharakishi; unamwomba aliye mbele asubiri. Kofi, kisha ngoma. Nikasogeza. Kofi, ngoma. Nikasogeza tena kidogo. Halafu kofi likapotea.

"Lupe! Mbona umeacha?"

"Nagonga, wewe! Mkono unaniuma!"

Nikaweka kiganja ukutani. Alikuwa anagonga kweli. Kofi lake lilikuwa limeingia ndani ya ngoma na kukaa humo. Nilitabasamu peke yangu, nikashukuru kwamba ukuta hauonyeshi.

Jumapili, chakula kilichopikwa shimoni kwa mawe ya moto kilipokwisha, Baba aliingia gerejini na tai yake, mkeka wa heshima wa kwetu umefungwa kiunoni, kama anayekwenda kwa mfalme. Alibeba kiti chake akakiegemeza kwenye ukuta wa sebule, akaitazama runinga kwa upande. Nikabonyeza.

Ngoma ililia, na nyumba haikupata kigugumizi. Bibi akasimama katika kwaya, kofia nyeupe, akaanza. Katikati alisahau neno, akacheka peke yake, akaudaka wimbo mbele. Na pande mbili za ukuta, kwa pumzi moja, wazee wawili wakacheka. Sijawahi kusikia kicheko chenye watu wawili namna ile. Kisha Shangazi akashika sauti ya juu, Baba akaingia chini yake na besi, mlango wa bati ukaanza kutetemeka, na katikati yao alikuwa mama yao, akiwaongoza wote wawili.

Video ilipoisha, Baba alibaki kitini.

"Kaka," Shangazi aliita ukutani. "Umeona alivyosahau?"

"Nimeona, dada."

Basi.

Siku hizi Shangazi yuko Tonga, na runinga yake kule inachota maktaba ileile. Kila Jumapili Baba hufungua ile kanda. Hajawahi kuirudisha nyuma. Huikuta imeshasimamishwa, kila mara pale pale, kabla tu ya ngoma. Huvuta kiti, hukiegemeza ukutani, halafu hubonyeza.