Kunde Chini ya Mathenge

Mume wangu Yahye ni mtu wa ng'ombe. Ukame ulipowamaliza, tulihamia Masalani, tukapata kishamba karibu na mto Tana, naye akaanza kunifundisha kilimo, yeye ambaye hajawahi kushika jembe. Alichagua mahali chini ya mti wa mathenge. Mfugaji akiona kivuli anaona rehema. Akaniambia nifunike udongo kwa majani ya mti huohuo ili unyevu usipotee, nami nikafunika.

Nikapanda kunde. Hazikuota. Nikapanda tena, zikaoza ardhini.

"Mkono wako hauna baraka," akasema, akaendelea kunywa chai.

Neno hilo lilinichoma. Mwaka jana tulimzika mtoto wetu, na tangu siku hiyo nilihisi Yahye ananilaumu moyoni. Kunde zilimpa tu nafasi ya kusema.

Akamwita dada yake Nurto, ambaye hata mbuzi wake huzaa pacha. Nurto alipanda kwa bismillahi na madaha mengi. Hakuna kilichoota. Yahye akasema ni panya. Mkono wa dada, bwana, haukosei.

Basi nikaanza kuuchunguza ule mti. Chini yake nyasi hazikuwepo kabisa, ilhali pembeni kidogo zilikuwa tele. Nikachukua sufuria mbili kuukuu. Moja nikaitia udongo wa chini ya mti pamoja na majani yake, nyingine udongo wa ukingo wa mto. Mbegu zilezile, maji yaleyale, nikaziweka pamoja mlangoni. Baada ya wiki, ya mto ilikuwa kijani. Ya mathenge ilikuwa na kunde mbili tu, zimepinda, mizizi myeusi.

Nikaziweka mbele ya Yahye, Nurto akiwepo.

"Majani yana sumu," nikasema. "Maji yakipita, inashuka kwenye udongo, mbegu inakataa kuota. Zote nimepanda mimi, kwa mkono huu."

"Walaahi, kumbe si mimi, abaayo, dada yangu," Nurto akasema, akashusha pumzi.

Yahye alizitazama kwa muda. "Haukuwa mkono wako," akasema.

"Na mtoto?"

Akasema, "Mtoto alichukuliwa na Mungu, Idman. Nilijua. Lakini Mungu halaumiwi, na wewe ulikuwa karibu."

Nililia palepale, mbele ya wifi yangu. Tangu mazishi, nilikuwa sijalia.