Malindi kwa Mpole, Lamu kwa Mkali

Mume wangu Thuranira aliapa akiwa kitandani hospitalini, mguu umening'inizwa kwa kamba, kwamba Mungu akimwinua atatupeleka Pwani sote wanne, tukamshukuru kwa mdomo yule mtu aliyetushika mkono wakati wa shida. Mungu akamwinua. Desemba hii anatembea kwa mkongojo na analalamikia chumvi kwenye mboga kama zamani, nami kila nikimsikia akilalamika nashukuru kimoyomoyo. Kilichobaki kilikuwa kukubaliana mtu huyo ni nani na anaishi mji gani, na hapo ndipo nyumba ilipogawanyika.

"Malindi," alisema Thuranira tukiwa mezani, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tiketi.

"Lamu," nikasema mimi.

Binti yetu Mukiri akatoa simu atuamulie. Akasoma kwamba Malindi kuna nguzo ya mawe iliyoachwa na Wareno miaka zaidi ya mia tano iliyopita, na Lamu kuna nyumba za kale, milango ya kuchongwa, na vichochoro vyembamba ambamo mizigo hubebwa na punda. Mdogo wake Mutuma akauliza kama punda hao wanapandwa.

"Mama yako ametoka Kiritiri," baba yake akamjibu. "Amebebesha punda maji tangu akiwa mtoto. Sasa nimlipie nauli aende kuona punda?"

Tulicheka wote, hata mimi, ila sikubadilisha neno langu. Siku tulizokuwa nazo zilikuwa chache, kwa sababu mzigo wa miraa hauachwi muda mrefu. Mji ulikuwa lazima uwe mmoja.

Sisi ni watu wa miraa hapa Kangeta. Kila asubuhi vijiti vinachumwa, vinapangwa, vinafungwa kwa majani ya mgomba, kisha gari linaondoka mbio, maana miraa ikichelewa hainunuliki. Tuna wateja wawili wakubwa huko Pwani ambao hatujawahi kuwatia machoni: Athmani wa Malindi na Bi Rukia wa Lamu. Mwaka jana pikapu ilipomgonga Thuranira pale Makutano, Meru mjini, kazi yote ikaniangukia mimi. Kwa desturi ya huku miraa ni mali ya wanaume. Mwanamke huuza majani ya mgomba ya kufungia, akarudi zake nyumbani. Siku ya kwanza niliyoingia sokoni kununua vijiti, wanaume walinitazama kama kuku aliyeingia kanisani.

Tena mimi ni Mmbeere. Kwetu Kiritiri tunalima muguka, ndugu wa miraa, na muguka huliwa jani. Kwa hiyo nilichagua vijiti vyenye majani mengi, mabichi, yanayong'aa, nikajipongeza kwa macho yangu mazuri. Hakuna aliyeniambia kwamba mlaji wa miraa hutafuna ganda la kijiti, majani akayatupa. Wauzaji pale sokoni walinyamaza, labda kwa heshima, labda wakingoja nianguke.

Athmani akapiga simu. "Mzigo umefika salama, mama. Mungu ampe bwana afya." Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Ni mtu mwema, na sitamsema vibaya.

Bi Rukia alipiga simu kamba ya mzigo ikiwa bado mkononi mwake. "Mwanangu, majani yote haya umenitilia ya nini? Mimi sifugi mbuzi!"

Nililia siku ile. Mume yuko hospitalini, watoto wanataka chakula, na bibi nisiyemjua ananikaripia kutoka upande wa pili wa nchi. Lakini alipiga tena siku iliyofuata, na iliyofuata. Mara aseme huku chini miraa imeungua, joto limeingia. Mara hapa jani la mgomba limepasuka kwenye mshipa. Mizigo mizuri kutoka kwingine humjia jani likiwa limekunjwa mara mbili na mshipa ukiwa nje, akasema, kwa nini mshipa wa mzigo wangu uko ndani? Bi Rukia hajawahi kufunga miraa maisha yake yote, hata mti wenyewe hajauona. Anachojua ni kufungua. Basi akanifundisha kufunga kwa kunieleza anachokiona akifungua, nami huku nikikunja na kukunjua, simu nimeibana begani. Ugomvi ukapungua kidogo kidogo. Siku moja akaniambia, "Haya, leo sina neno," nikacheza jikoni peke yangu.

Yote haya nilikuwa nimemweleza Thuranira, lakini alichosikia ni kelele tu.

"Huyo mama wa Lamu alikutesa," akasema sasa pale mezani, akisukuma sahani. "Athmani ndiye alikuvumilia, Mama Mukiri. Mtu akivumilia bibi yako hivyo, unaenda unamwambia asante."

Neno hilo lilinichoma. Alinivumilia! Yaani nisafiri mpaka Malindi, niketi sebuleni kwa watu, nitambulishwe kama mke aliyevumiliwa, nile biriani ya huruma. Mwaka mzima nilikuwa nangoja mume wangu aone nilichofanya, kumbe aliona wema wa watu wengine tu.

"Nendeni nyinyi watatu," nikasema. "Mimi nitabaki na mzigo."

Mukiri akazima simu yake. Hakuna aliyetaja punda tena.

Asubuhi nilifunga mzigo bila kumsemesha mtu, gari likaondoka. Mchana nilikuwa uani nikichambua mboga wakati Thuranira alipoketi barazani na kumpigia Athmani. Huyu mume wangu huongea na simu kwenye spika, kijiji kizima kikafaidi.

"Athmani, ndugu yangu! Tunakuja kukushukuru. Mimi na familia. Ulimvumilia mama watoto sana, jameni."

Athmani akacheka. "Bwana Thuranira, nikwambie kweli? Wiki zile za mwanzo mzigo nilikuwa nautupa. Nilikuonea imani. Mtu yu hospitali, nimpigie mkewe kumgombeza? Nikasema nitastahimili mpaka mwisho wa mwezi, kisha nitafute mtu mwingine, taratibu, bila maneno."

Niliiweka mboga chini nisikie vizuri.

"Halafu mzigo ukabadilika," akaendelea Athmani. "Na si kidogo. Usinune, bwana, lakini tangu uumie, mzigo ni bora kuliko ulipokuwa mzima. Wateja wangu wananiuliza. Huyo mtu uliyemwajiri baadaye, nakuomba usimwache akaenda."

Thuranira aliitazama simu, kisha akaisogeza mdomoni.

"Huyo sikumwajiri," akasema. "Huyo nilimwoa."

Nilisikia mkongojo ukija uani. Hakunitazama. Alichukua bunda moja lililobaki asubuhi, akaketi juu ya mtungi wa maji wa plastiki, akalifungua polepole. Akalitazama jani ndani na nje, akakunja, akakunjua. Amefunga miraa tangu hajaota ndevu, lakini alijaribu mara tatu kulirudisha lilivyokuwa, akashindwa.

"Hii mkunjo si ya huku," akasema. "Nani alikufundisha?"

"Yule aliyenitesa."

Akashusha jani kwenye magoti. "Mimi nilidhani tulibebwa, Mama Mukiri. Kila siku nikiomba pale kitandani nilikuwa nasema, Mungu, bariki wale watu wanatubeba. Kumbe ni wewe." Akainua macho, akanitazama. "Na sijawahi kukuambia asante. Asante. Asante sana. Twende Lamu. Athmani tutamsalimia tukipita."

Nililia, na sikujificha. Mimi si mtu wa kununa muda mrefu, na furaha ya siku ile sijui hata niieleze vipi. Nilikuwa na mume aliye hai, aliyeketi juu ya mtungi akinitazama kwa heshima. Mutuma akaja akauliza nani amekufa, baba yake akamwambia aende akatafute begi.

Kesho yake mchana, saa ambayo mzigo wa jana yake hufika Lamu, nilimpigia Bi Rukia mimi mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza mimi kumpigia. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, lakini yote yakatawanyika.

"Bi Rukia, tunakuja. Mimi na baba watoto na watoto wote wawili. Sitaki kitu. Nataka tu nikuone uso, nikushukuru."

Alikuwa akifungua mzigo. Nikasikia majani ya mgomba yakichakarika, nikasikia akivuta pumzi.

"Njooni, mwanangu," akasema. "Nyumba ni yenu, nitawatandikia juu kwenye upepo. Ila kwanza niambie. Mzigo huu ulioniletea leo, kamba umeikaza mpaka vijiti vimevunjika. Uligombana na nani?"