Alama za Wanja Mkononi mwa Rukaya

Mimi si mchawi, na nasema mapema ili mtu asije kunishuku bure. Mke mwenzangu Rukaya alilala juu ya dungu, basi. Huku kwetu Maparoni mpunga ukishika punje tunapanda dungu, jukwaa la miti, kuamia ndege wasiule, na yeye, mvivu yule, akapitisha mkono wa kulia juu ya mti wa ukingoni, akaulalia tangu adhuhuri mpaka alasiri. Nilimkuta hivyo kwa macho yangu. Alipoamka kiganja kinaning'inia, hakiinuki.

Mama mkwe, Bi Kijakazi, hata hakuuliza. "Kamroga!" Na mume wetu Haruni, mwanamume mzima na ndevu zake, akaniambia miezi minne ikipita mkono haujainuka, nirudi kwetu Nyamwage na talaka yangu. Miaka kumi na tisa nimempikia yule, nikamzalia na Warda!

Nikamburuta Rukaya hospitali mwenyewe. Daktari akasema ule mti umebana neva, uzi unaopeleka amri ya ubongo mkononi. Neva huumia namna tatu. Iliyoshtuka tu huamka yenyewe, siku kadhaa au wiki chache. Iliyokatika nyuzi za ndani, ganda likabaki zima, huota upya humo humo, kama milimita moja kwa siku. Iliyokatika yote hutaka kushonwa.

"Ya huyu haijakatwa na kitu," akasema. "Wiki zikipita kimya, basi ni ya pili. Mgonge polepole kufuata neva. Anaposikia ganzi ya kuchomachoma, ndipo ilipofika. Afungwe kibao, umnyooshe vidole kila siku."

Wiki sita kimya. Nikaanza kumgonga kila Ijumaa, kwa kidole, ingawa moyo ulitaka mchi. Anapostuka natia alama ya wanja, nazikoleza na zile za zamani. Yeye anasonya, mimi nasonya. Lakini alama zilikuwa zinashuka, wallahi, zinateremka kuelekea kiwiko na kukipita. Rukaya mwenyewe alikuwa akizihesabu.

Mwezi wa nne haujaisha, mbele ya ukoo mzima, kiganja kikainuka. Kidogo, kikaanguka, kikainuka tena. Nililia kwa furaha. Jina langu limesafika!

Bi Kijakazi akapiga kigelegele. "Mnaona? Tulipomtisha, kauachia!"

Wote wakaitikia. Nikamgeukia Rukaya, mwenye ushahidi wangu mkononi. "Sema, mwenzangu. Waonyeshe."

Rukaya akatazama chini, akashusha mkono wa gauni mpaka alama zote zikafunikwa.

Haruni akakohoa. "Haya, yaishe. Mama Warda, umesamehewa, ubaki."

Nikaingia ndani, nikatoka na begi.

"Sasa unakwenda wapi, na nimeshakusamehe?"

"Kwetu," nikamwambia. "Mchawi wako huyo mtafute mwingine."