Mkunga Mbele ya Kamati

Mimi nashona mapazia, na wateja wangu wote wanajua kwamba mdomo wangu hauna breki. Kwa hiyo siku mdogo wangu alipoitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya wauguzi na wakunga, mume wake alinivuta kando akaniambia, "Shemeji, chonde chonde, leo funga zipu." Nikamwambia nitajitahidi. Kujitahidi si dhambi.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Mdogo wangu ni mkunga, na ukunga kwake si kazi tu. Ukimnyang'anya leseni umemwacha hana kitu. Mwaka uliopita, kwenye zamu yake, mama mmoja alijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Hospitali ikatoa maelezo kwamba mama alifika amechelewa, moyo wa mtoto ulishasimama. Mama wa watu akasema hapana, alifika mtoto anacheza tumboni, akaachwa peke yake mpaka mambo yakaharibika. Akapeleka malalamiko. Sasa kamati ndiyo ingeamua kama mdogo wangu abaki mkunga au jina lake lifutwe, asizalishe tena mtu maishani.

Wakili wa hospitali, kijana mtanashati mwenye tai nyekundu, alikuwa amemwonyesha njia nyepesi. "Wewe sema hukusikia mapigo ya moyo. Basi. Mtoto alifika amekufa, hakuna wa kulaumiwa." Na kweli, aliyeinama kwenye tumbo lile kusikiliza ni mdogo wangu peke yake. Nani angempinga? Mimi nilimwona yule wakili ametumwa na Mungu. Nikamwambia mdogo wangu, "Umefunguliwa mlango, pita." Akanyamaza. Hapo nikajua pana neno, maana huyu akikubali husema, akikataa hunyamaza.

Asubuhi hiyo tulikaa kwenye mabenchi ya korido, sisi upande huu, wao upande ule. Mama aliyefiwa alikuwa binti mdogo tu, amejifunga kitambaa kichwani, anatazama sakafu. Kando yake alikaa mama mkwe wake, pochi mapajani, uso ameugeuzia ukutani. Kila baada ya muda anasema, na anasema ili tusikie: "Angetoka nyumbani nilipomwambia, tusingekuwa hapa. Mjukuu wangu saa hizi angekuwa anasimama dede." Binti hajibu. Anasema tena. Binti hajibu. Ulimi ukaniwasha hasa, nikafumbua kinywa, na shemeji akanikanyaga mguu.

Tukaitwa. Chumba kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji, na feni iliyozunguka kwa kujivuta kama imelazimishwa. Wajumbe walikuwa watatu: daktari mzee, muuguzi mstaafu, na katikati yao mwenyekiti, mama wa makamo aliyewahi kuwa hakimu. Huyu nilimbatiza Mama Polepole kabla hata hajamaliza kutusalimia. Kila ulichomjibu alikiandika kwa mkono wake mwenyewe, halafu akakusomea: "Nimeandika hivi. Ndivyo ulivyosema?" Ukisema sivyo, anakata, anaandika upya. Jamani! Mwanzoni nilitamani kumpokonya kalamu nimwandikie mimi.

Lakini kadiri alivyoendelea nikaanza kumwelewa. Binti aliyefiwa alipomaliza kueleza, akasomewa maneno yake, alitikisa kichwa. "Hilo la siku nzima nimezidisha. Niliachwa muda mrefu." Mwenyekiti akakata, akaandika, akasoma tena. Binti angeweza kuliacha lile la siku nzima likae, lilimfaa. Hakuliacha. Nikamheshimu yeye na nikamheshimu aliyemsomea. Mtu akirudishiwa maneno yake namna ile, bila kukemewa, aibu ya kuropoka inamjia yenyewe.

Mama mkwe naye aliitwa. Akasema lile lile la korido. Akasomewa. "Ndivyo," akajibu, akarudi kukaa, pochi mapajani.

Ikafika zamu ya mdogo wangu.

"Mama huyu alipofika," mwenyekiti akauliza, "ulisikiliza moyo wa mtoto?"

"Nilisikiliza."

"Ulisikia nini?"

Tai Nyekundu akatikisa kichwa kidogo kumhimiza. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti, nasema moyoni, sema hukusikia, sema hukusikia.

"Ulikuwa unapiga," mdogo wangu akasema. "Vizuri kabisa. Mtoto alikuwa mzima. Na mama hakuchelewa."

Loo! Nikajua maji yamemwagika, hayazoleki. Tai Nyekundu alisimama kama aliyekalia sindano, akaanza, "Mheshimiwa, shahidi amechoka, naomba..."

"Wakili," mwenyekiti akasema bila kuinua macho, "kiti chako kina mgongo mzuri. Uegemee."

Akaegemea. Haki ya Mungu, nilitaka kupiga vigelegele.

Mdogo wangu akaendelea. Alikuwa peke yake kwenye zamu, na chumba cha pili mama mwingine alianza kutokwa na damu nyingi, ikabidi amkimbilie. Akamwokoa. "Lakini alipotulia sikurudi papo hapo. Miguu ilikataa. Niligeuza ndoo nikakaa. Na tangu mwanzo ningeweza kumwita daktari wa zamu, ila sikumwita kwa sababu ana matusi. Niliporudi, moyo ulikuwa umepunguza mwendo. Daktari alipofika, ulikuwa umesimama. Nikaambiwa na utawala nisiseme chochote kwa familia, nikatii. Hilo nalo ni kosa langu."

Mwenyekiti akamsomea yote, neno kwa neno, pamoja na ndoo. Kisha akaweka kalamu chini. "Unajua kwamba haya yanaweza kukuondolea leseni?"

"Najua."

"Kuna la kubadilisha?"

"Hakuna, mheshimiwa. Naomba tu lile la kwamba mama hakuchelewa liandikwe peke yake, lisichanganywe na mengine."

Mwenyekiti akamtazama kidogo, akachukua karatasi mpya, akaandika. Nilitaka kumzaba mdogo wangu kofi na kumkumbatia papo hapo. Watoto wanasoma, nyumba ya kupanga, na yeye anaomba kosa lake lipigiwe mstari! Lakini nitakwambia ukweli: sijawahi kujivunia kuzaliwa naye tumbo moja kama nilivyojivunia pale. Machozi yalinitoka mbele za watu na sikuyafuta.

Wajumbe wakatoka kwenda kushauriana. Mama mkwe hakurudia maneno yake, ila uso aliubakiza ukutani. Waliporudi, mwenyekiti akasoma uamuzi kwa mwendo wake ule ule. Kosa limethibitika: hakumrudia mgonjwa kwa wakati, na hakuita msaada. Mtoto amepotea, na kamati haiwezi kulifanya jambo hilo dogo. Leseni inasimamishwa kwa miezi sita, na baada ya hapo atafanya kazi chini ya usimamizi mpaka kamati iridhike. Jina halifutwi. "Anayesema alipokosea anafundishika," alisema. "Anayeficha, tungemfundisha nini?" Kisha akaigeukia hospitali: wakunga wasiachwe mmoja mmoja kwenye zamu, na aliyetoa maelezo kwamba mama alichelewa aje ajieleze yeye mwenyewe, si kwa kutuma wakili. Tai Nyekundu akakumbuka ana kitu cha kutafuta mfukoni.

Nilishusha pumzi. Miezi sita tutakula tutakachopata, mimi mapazia yapo. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kukusanya mkoba. Kumbe mwenyekiti hakuwa na desturi ya kufunga faili na kuondoka. Alimgeukia binti aliyefiwa. "Mama, uamuzi umeusikia. Kuna neno limebaki moyoni ungependa kumwambia au kumuuliza mkunga? Hapa, kabla hatujainuka."

Nikajua sasa tunatukanwa. Na ningekuwa yeye, ningetukana.

Binti akasimama. Akamtazama mdogo wangu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mimi sikuwahi kuusikia," akasema. "Nilimsikia anacheza, lakini moyo wake wewe ndiye uliyeusikia, wewe peke yako. Ulikuwa unapigaje?"

Mdogo wangu akamwangalia mwenyekiti. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Basi mdogo wangu akasogea mezani, akaweka mkono, na kwa kidole kimoja akaanza kugonga ubao, haraka haraka na kwa usawa, bila kukatisha.

"Haraka hivyo?" binti akauliza.

"Ndiyo. Wa mtoto mzima huenda hivyo."

Alipoacha kugonga, hakuna aliyeinuka. Mama mkwe alikuwa ameugeuza uso kutoka ukutani. Pochi ilimteleza mapajani ikaanguka, hakuiokota. Akanyoosha mkono, akaushika wa mkwewe.

"Rudia," akamwambia mdogo wangu. "Rudia, mwanangu, nisikie."

Mdogo wangu akarudia.