Joto la Moraa

Jumanne moja, saa nane mchana, Duke Nyabuto alifungua ubavu wa kompyuta yake kwa bisibisi, akapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, kisha akaufunga tena. Kompyuta hiyo ilikaa katika chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga sokoni Kosele. Waendesha bodaboda na walimu wawili watatu walikuja hapo kucheza mechi za mpira kwenye skrini, na Duke mwenyewe alicheza kuliko wote.

Shida ilikuwa kukwama. Mchezaji angeinua mguu apige mpira, picha isimame, na ikiendelea mpira tayari uko golini kwake. Duke alikuwa amepunguza kila kilichopunguzika. Aliondoa vivuli vya wachezaji. Aliondoa majani ya uwanja, ukabaki kijani kitupu kama meza. Watazamaji aliwageuza kuwa rangi iliyopakwa ukutani. Bado picha zilikwama.

Kwa hiyo siku hiyo aliingia kwenye mipangilio ya ndani, ile inayofunguliwa kabla kompyuta haijaamka vizuri, akaiongezea prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kasi kupita ile iliyotoka nayo kiwandani: kutoka gigahertz tatu nukta sita hadi nne nukta mbili. Aliongeza na umeme kidogo. Alikuwa amesoma kwamba kufanya hivyo kunaleta joto kali, nyuzi themanini au tisini, na kwamba feni ya bei rahisi kama yake haitaliweza. Alingoja akitazama kipimo. Kilisema nyuzi thelathini na moja. Aligusa chuma kilichokaa juu ya prosesa, akakuta kimepoa. Akaanza mechi, na picha zilitiririka kama maji.

Upande wa pili wa ukuta, dada yake Moraa alivua sweta.

Moraa alikuwa mkubwa wake kwa miaka miwili, na aliuza mayai kwenye dirisha la chumba cha nyuma. Kufikia Alhamisi, yai alilolishika kwa muda wa kutafuta mfuko lilimfikia mteja likiwa limeiva. Wateja walianza kuuliza kama kuna chumvi. Ijumaa ilinyesha, na jirani yao Scovia, aliyeleta omena, dagaa wa ziwani, kutoka Sori, alikuja na karai la omena mbichi.

"Nyar Kisii, niwekee hii karibu na wewe kidogo," alisema, akimwita binti wa Kisii kwa Kijaluo. "Jua limekataa."

Omena ilikauka kabla mvua haijaisha. Kwenye zahanati, muuguzi alimpima Moraa, akaandika nyuzi arobaini na nne, akamwambia anywe maji mengi.

Nyumba hiyo ilishika Sabato. Ijumaa kabla ya jua kutua Duke alizima kompyuta, na asubuhi Moraa aliamka akisema anasikia baridi. Alienda kanisani na sweta, na leso juu ya sweta. Jumamosi jua lilipotua Duke aliwasha. Katikati ya mechi, kupitia mlango uliokuwa wazi, alimwona dada yake nje kando ya pipa la maji, akijimwagia mabegani kwa kikombe. Mvuke ulipanda hadi kwenye mabati.

Duke alitazama kipimo. Thelathini na moja. Alisimamisha mechi, akazima, akarudi kwenye mipangilio, akaongeza hadi nne nukta nne. Alisikia kikombe kikigonga pipa haraka haraka. Akarudisha kasi ya kiwandani. Kikombe kikanyamaza. Kisha akaongeza tena na kuianza mechi upya.

Wiki iliyofuata hakuweza kumtazama dada yake usoni. Aliosha vyombo bila kuambiwa. Alimnunulia feni ya mezani, akaiweka dirishani. Moraa alishukuru, na walipokaa kula alimwombea kwa jina lake, kwamba Mungu abariki kazi ya mikono ya Duke. Duke alirudisha tonge sahanini.

"Dada," alisema, "hiyo joto yako inatoka kwa mashine yangu."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Ile Jumanne. Ukipandisha, nasikia hapa." Aligusa kifua. "Ukishusha, inatoka."

"Na mbona hukusema?"

Moraa alikata tonge, akalichovya kwenye mboga. "Ningesema, ungeshusha?"

Duke alisukuma bakuli la mboga upande wake.

"Hata ile mwaka niliacha shule ndio wewe uingie form one, hakuna mtu aliniuliza," Moraa alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekumbuka bei ya sukari ya zamani. "Nilirudi tu nyumbani nikapata yunifomu yangu imekatwa, mama anakushonea kaptula. Kula, inapoa."

Siku hiyo hiyo Duke alirudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Kwa siku tisa Moraa aliuza mayai mabichi. Picha zilikwama tena. Orina, mwendesha bodaboda aliyekuwa fundi wa kufunga mabao, alicheza kipindi kimoja, akaweka kifaa cha kuchezea chini na kusema, "Imerudi ile maneno yake." Hakuja tena. Duke alicheza peke yake, akafungwa, akapiga meza kwa ngumi. Siku ya kumi Moraa aliingia na beseni la maji, akaketi karibu na ukuta, akatia miguu ndani.

"Pandisha," alisema.

"Sitaki."

"Unataka. Nakusikia hapo ukianza na kuacha tangu juzi."

"Dada, siwezi kukufanyia hivyo."

"Basi uniambie kwanza, nisikuwe nimebeba kitu."

Alipandisha hadi nne nukta tatu. Ingeweza kufika nne nukta sita, na hiyo tofauti aliihesabu kuwa huruma. Tangu hapo, kila alipotaka kuanza, aliita kupitia ukuta, "Dada, napandisha," naye Moraa aliweka chini alichokuwa nacho na kujibu, "Sawa." Orina alirudi na wenzake wawili. Scovia akawa analeta omena kila mvua iliponyesha, na Moraa akawa anachemsha chai bila jiko.

Kufikia Aprili Duke alikuwa bado anaita, ila hakungoja tena kujibiwa. Moyo ulimuuma kila mara, kwa kama dakika moja, muda ambao kompyuta ilichukua kuwaka. Kisha mechi ilianza, na haikukwama popote.