Kiti cha Adui

Katibu Jaswant alisema maneno yale mbele yangu kana kwamba mimi ni kabati la chumba. "Huyu mama iko na sauti," alimwambia mwalimu wangu, "lakini raga hapana. Jumamosi ataimba raga ya Hamir mbele ya kamati. Akikosea sauti moja tu, darasa basi. Hapana kuja hapa tena."

Alisema kwa Kiswahili makusudi, ili kila neno linifikie. Damu ilinichemka. Mimi Asenath Khavere, mshona mablanketi wa Industrial Area, mama wa watoto watatu, sijazoea kusemwa nikiwa nimesimama papo hapo. Nilifungua mdomo nimjibu, lakini Mwalimu Gurdit alinikanyaga mguu, nikafunga mdomo.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nane, katika ukumbi wa chama cha muziki cha Wahindi kule Eastleigh. Nilifikishwa huko na kinanda cha kanisa letu la Bahati. Kilipoanza kukohoa, mchungaji alimwita Mzee Gurdit Singh, Kalasinga mstaafu wa reli, aje akitengeneze. Siku hiyo ilikuwa zamu yangu ya kufagia kanisa. Kila sauti aliyokuwa akiitafuta, mimi niliiimba kabla kidole chake hakijaifikia. Akavua miwani, akanitazama.

"Mama," akasema, "wewe kuja darasa kwangu Jumamosi."

Mume wangu Patrobas alicheka hadi akashika mbavu. "Kwani nyimbo za kanisa zimeisha?" Nilikwenda vivyo hivyo, mwaka mzima, na nikaupenda muziki ule kuliko nilivyotarajia kupenda kitu kingine chochote katika umri wangu. Wiki nzima nilikuwa mkono wa mashine. Jumamosi nilikuwa mtu mwenye jina.

Mwalimu alinieleza hivi. Raga, yaani mpango wa sauti ambao wimbo wa Kihindi hujengwa juu yake, ina sauti moja ambayo ni mfalme, nyingine ambayo ni waziri wake, na nyingine ambazo ni watumishi. Halafu ipo moja ambayo ni adui. Katika raga ya Hamir, mfalme anaitwa Dha. Juu yake kuna sauti iitwayo Ni, iliyokazwa, raia mwema asiye na neno. Lakini ukiilegeza Ni hiyo kidogo tu, unapata adui, tena anapumua kisogoni pa mfalme. Mastadi humgusa mara moja moja, na raga ikazidi utamu. Mwanafunzi akimgusa, ameharibu.

"Wewe hapana gusa huyu," Mwalimu alinionya. "Baada ya miaka kumi, labda."

Balaa ni kwamba koo langu lilimjua adui huyo tangu utotoni. Kwetu Maragoli, tukiimba kanisani na kushuka kutoka do ya juu, ti, ambayo Wahindi huiita Ni, hulegea yenyewe. Mwalimu wa kwaya alitupigia kelele miaka nenda miaka rudi, na ti ikaendelea kulegea. Sasa nilikuwa na siku sita za kuliadibisha koo. Niliikaza Ni jikoni, nikaikaza kiwandani mashine zikinguruma, nikaikaza kwenye foleni ya maji hadi majirani wakaanza kunipisha. Patrobas aliacha kucheka. Ijumaa alikanda unga wa chapati yeye mwenyewe ili nisikatize mazoezi, na chapati zikawa ngumu, tukazila.

Jumamosi jioni ukumbi ulijaa. Wanakamati sita waliketi mbele, mikono imekunjwa, Katibu Jaswant kati yao. Mwalimu alikaa nyuma yangu akipiga tambura, nyuzi zake nne zikirudiarudia. Nilianza vizuri. Nilipanda kwa mfalme nikatulia naye, na ukumbi ukatulia nasi. Nikafika Sa ya juu, ndiyo do yao, furaha ikanizidi, nikajisahau. Nikashuka kama ninavyoshuka nyumbani, na Ni ikalegea.

Kila mtu alisikia. Kidole cha Mwalimu kiliruka uzi mmoja. Katibu alitabasamu, akamwinamia jirani yake amnong'oneze.

Nilitamani ardhi inimeze. Kisha nikaliona lile tabasamu tena, na hasira ikaniweka sawa. Adui ameshaingia, nikikimbia nitakuwa nimemwachia nyumba. Hapo nikakumbuka matanga ya baba yangu. Mtu aliyemnyang'anya baba shamba alikuja matangani, mchana kweupe, bila haya. Kwetu mtu hafukuzwi matangani, hata awe nani, wala haachwi aketi nyuma anong'one. Kaka yangu mkubwa, ambaye sasa ndiye mwenye mji, alimketisha ubavuni pake. Akampa chai, kikombe kimoja. Kilipoisha alimwinua mwenyewe na kumsindikiza hadi njiani. Hakuna aliyetia shaka siku ile mji ulikuwa wa nani.

Nikarudi Sa ya juu. Safari hii nilishuka kwa hatua zangu: Ni iliyokazwa, kisha Dha, nikakaa hapo kwa mfalme hadi kila mtu ajue ninapokaa. Ndipo nikamwita adui. Nilimgusa mara moja, kwa upole, nikarudi kwa mfalme papo hapo, kisha nikateremka hadi Pa, sauti iliyo chini ya mfalme, kumtoa nje. Dha, Ni, Dha, Pa.

"Wah!" mzee mmoja akasifu kutoka nyuma.

Nikarudia. Sasa waliosifu walikuwa wengi, na wanakamati wawili walikuwa wamekunjua mikono. Mara ya tatu ukumbi mzima uliitikia, na nyuma yangu nikamsikia Mwalimu Gurdit akicheka na kulia kwa pamoja. Sijawahi kuimba vile, na nilijua hivyo nikiwa bado naimba.

Nilipomaliza, Katibu alisimama. "Nani alimfundisha hii?"

"Mimi hapana fundisha," Mwalimu akajibu, akifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Mimi nilikataza."

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti wa kamati, bibi mzee mwenye mvi, akagonga meza. Akasema nafasi yangu darasani ni yangu, na mwenye swali kunihusu aniulize mimi mwenyewe.

Katibu Jaswant alikuja hadi nilipoketi. Alikuwa na majivuno, lakini aliupenda muziki kuliko majivuno yake, hilo namsifu. "Mama Khavere," akasema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kutamka jina langu, "onyesha tena ile pahali."

Nikamwonyesha. Akajaribu. Dha, Ni...

"Hapana, Katibu," nikamkata. "Umemkalisha sana. Ataanza kudhani hapa ni kwake. Rudia."

Katibu Jaswant akashika ncha ya sikio lake, kama wanavyofanya wanafunzi wao mbele ya mwalimu waliyemkosea, akarudia.