Siingii Nyumba ya Mkwe

Kwanza mjue hivi: kwetu sisi Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani. Hakuna kusalimiana kwa mkono, hakuna kula pamoja, na kulala nyumba yake ndiyo kabisa usiniambie. Baba Edinah, mume wa binti yangu Nekesa, nilikuwa nimemwona kwa mbali tu tangu amwoe, na mbali hiyo ilitutosha sote.

Sasa mlima ukateleza. Huko kwetu juu ya Kimilili mvua ilikuwa imenyesha mpaka udongo ukashindwa kuimeza. Asubuhi moja ikatulia kidogo, nikaenda kumsaidia jirani yangu Everlyne kuvuna maharagwe upande wa pili wa mto, na watoto wake tulikuwa nao. Tukasikia mngurumo. Kugeuka, nyumba yangu haiko. Yake pia haiko. Ghala, ng'ombe, mparachichi alioupanda marehemu mzee wangu, vyote vimeenda bondeni. Everlyne ni Msabaoti na mimi ni Mbukusu, lakini siku hiyo tulikuwa kabila moja, kabila la watu wenye debe la maharagwe na basi.

Mungu nilimpa maneno yake. Mimi ndiye huongoza maombi ya akina mama katika kanisa letu la Friends, sijawahi kukosa cha kumwambia, na pale nilimuuliza kama hakuona mlima mwingine. Kisha nikanyamaza. Sikuomba tena, hata kwa chakula.

Baba Edinah ni fundi wa mbao Kitale. Aliposikia, alituma lori la mbao litubebe sisi sote, na Everlyne na watoto, mpaka kwake Kibomet, hapo Kitale. Tulifika jioni, mvua imerudi. Everlyne akaingia, watoto wakaingia, chai ikamiminwa. Mimi nikaketi nje juu ya gunia, chini ya kipande cha paa la jiko.

Nekesa alinibembeleza, akanikasirikia, akanibembeleza tena. Kifua changu kibovu, kila mtu anajua, na baridi ya Kitale si ya mchezo. Nikaanza kile kikohozi cha kukunja mgongo. Nekesa akalia, ati nitafia mlangoni kwake. Nikamwambia afadhali nife na heshima yangu kuliko wajukuu wangu wachekwe na kila mtu. Mnaweza kuita kiburi, sawa tu. Nyumba ilikuwa imeenda, ng'ombe wameenda, na heshima ndiyo pekee niliyoshuka nayo mlimani.

Everlyne akatoka na blanketi, lile moja tu alilopewa njiani na watu wa kanisa, akanifunika. Nikamuuliza watoto wake watajifunika nini. Akasema watalala katikati ya mjukuu wangu Edinah na yeye, watapeana joto, na mimi niache maswali.

Wakati huo wote Baba Edinah alikuwa amesimama langoni, amenipa mgongo kama inavyotakiwa. Alikuwa anasikia nikikohoa. Mara akazunguka akaingia kwa mlango wa nyuma, na alipotoka alikuwa na godoro kichwani na nguo zake kwenye mfuko wa nailoni. Akarudi langoni, akatazama barabara, akasema kwa sauti:

"Mama, hii nyumba nimempatia Nekesa, na Everlyne ni shahidi. Mimi sina nyumba hapa. Ingia kwa binti yako."

Akaondoka kwenye mvua na lile godoro, akaenda kulala kwenye karakana anayofanyia kazi na rafiki yake Kinyua, katikati ya takataka za mbao. Wanaume wa kuringa na nyumba zao nimewaona wengi. Wa kutoka kwake ili mama mkwe apate pa kulala sikuwa nimemwona. Nilicheka, nikakohoa, nikalia, yote pamoja, halafu nikainuka nikaingia. Kwa binti yangu. Nani atanisema?

Kesho yake jioni alikuja kuchukua chakula chake, Nekesa akampitishia dirishani. Alikula nje, amekalia ndoo. Mimi ndani, ukuta katikati yetu. Alipomaliza nikasikia akisema, polepole, kama mtu anayeongea na ukuta, "Mama, nasikia wewe huomba vizuri. Mimi huku nje nimefunga macho."

Manyunyu yalikuwa yameanza, na mtu mzima yuko nje amefunga macho ananingoja. Ningefanya nini? Nikaanza. Mwanzo niligomba na Mungu, sitawadanganya. Halafu nikashukuru kwa blanketi la Everlyne. Nikashukuru kwa maharagwe, kwamba yalituita shambani asubuhi ile. Nikashukuru kwa huyo wa nje, bila kumtaja. Kutoka nyuma ya ukuta ikaja "Amina" nzito, na kifua changu kikafunguka. Tukawa tunaomba hivyo kila jioni, yeye kwenye ndoo yake na mimi ndani.

Mvua ilipoisha, Kipketer, kaka yake Everlyne, alitukatia sisi wawili kipande cha shamba lake mahali tambarare, tujenge tukiwa jirani kama zamani. Watu wa kanisa wakaleta mabati, na Baba Edinah akafunga karakana akaja kunijengea. Alipokuwa akifanya kazi mimi nilijikalia na Everlyne upande wake wa shamba, nisije nikamkanyaga kivuli. Alipogonga msumari wa mwisho alitoka, akamtuma Nekesa aniite, yeye mwenyewe akapotelea nyuma ya nyumba.

Niliingia nikazunguka, nikagusa kuta. Chumba cha nyuma kilikuwa na dirisha la chini chini, sikuelewa ni la nini. Nikalifungua. Nje, chini yake, kulikuwa na benchi jipya limegongomelewa ukutani, na Baba Edinah ameketi juu yake, amenipa mgongo, kofia mkononi.

Nikamwambia, "Baba Edinah, funga macho."

Kichwa alikuwa ameshakiinamisha.